“Ndivyo Binadamu Alivyo.” Binadamu Yupi?

Mada hii nimeisema mpaka wanafunzi wangu humalizia sentensi kabla yangu. Nitaendelea kuisema maadamu bado nawasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakidai kwamba binadamu ni mbinafsi, ndivyo alivyoumbwa. Binadamu yupi? Mmempimia wapi? Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipekua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliopimwa wametoka Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia na Israeli. Halafu ndio wakaitwa “binadamu”.

Kuna mchezo mmoja, wanaonifahamu wanacheka tayari. Mtu anapewa fedha, amkatie mwenzake fungu. Mwenzake asijue ni nani aliyekata. Akikubali, kila mtu anaondoka na chake. Akikataa, wote wanatoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu, hata shilingi moja ni ya kuchukua. Vyuoni Ulaya na Marekani wengi hutoa asilimia 40 hadi 50, na fungu likishuka chini ya 20 mara nyingi hukataliwa.

Sasa twende Ziwa Eyasi. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe aliwachezesha Wahadzabe mchezo huo. Hawa vitabuni wanasifiwa kwa kugawana: mnyama mkubwa akiangushwa, nyama ni ya kambi nzima. Wakatoa kama theluthi tu, na mafungu madogo yakakataliwa sana. Watu wa pupa wakadakia: kumbe wachoyo! Hapana, jamani, tulizeni akili. Kambini nyama huonekana ikiingia. Usipogawa, majirani watakuja kukaa kwako, wakae tu, wanaitazama nyama. Huku mchezoni jirani hayupo, jicho halipo, yupo mgeni na karatasi zake. Mtu akapumua. Na angalieni: waliotoka kambi kubwa, penye macho mengi, walitoa zaidi ya wale wa kambi ndogo. Hapo nani ataniambia ukarimu unakaa moyoni peke yake?

Najua kuna mtu pale nyuma anasema hawakuuelewa mchezo. Pingamizi hilo limechoka kuliko mimi. Tana River, Kenya, mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwachezesha Waorma mchezo mwingine, ambao kila mtu anachangia mfuko wa pamoja, unaongezwa, kisha unagawanywa sawa. Wakautambua palepale: hii ni harambee! Walijua vizuri wanachofanya; waliingia mchezoni na maisha yao ya nyumbani. Wala msiseme fedha zilikuwa kidogo. Kwa kawaida kiasi kilichogawanywa kilifikia ujira wa siku nzima au zaidi.

Lakini wanaonifurahisha ni Wau na Wagnau wa Papua New Guinea. Kwenye ule mchezo wa kwanza, wa kukatiana fungu, hao mara nyingi hukataa hata wakipewa zaidi ya nusu! Mwanafunzi wa uchumi akisikia hivyo anashika kichwa. Kwao zawadi usiyoiomba ni deni, na mwenye kulidai ndiye anayechagua siku. Mnawashangaa? Wewe uliyepokea laki moja kwenye harusi ya binti yako, si jina la mtoaji limo kwenye daftari la kamati? Siku kadi yake ya mchango ikikufikia, si utalifungua lile daftari kwanza, upitishe kidole mpaka kwenye jina lake, ndipo uandike ahadi? Utathubutu kuandika elfu ishirini? Basi.

Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa wastani wa asilimia 58, maana nyangumi havuliwi na mtu mmoja. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia hujitegemea, 26, na karibu wote waliopewa wakapokea bila kinyongo.

Hata macho hayajasalimika. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Marshall Segall na wenzake walitoa matokeo ya ile michoro ya mistari miwili iliyo sawa, mmoja ncha zimekunjwa ndani, mwingine zimetanuka nje. Wamarekani wa mji wa Evanston walidanganyika sana, wakaona mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Kwa nini? Wengine wanasema ni kukulia kwenye nyumba za pembe mraba, wengine wanabisha. Nilitaka tulichambue hilo, pamoja na malezi ya watoto, ila mwenyekiti keshasimama na mnajua maana yake. Maswali, tafadhali, na yawe maswali, si hotuba. Ya hotuba nimetosha mimi.