Sahani ya Aliyekutangulia

Habari za mchana. Nashukuru mmebaki, maana saa nane hii, tena baada ya wali, najua wengine mngependa mkeka na mto. Leo nina kosa moja tu la kuwaeleza: seva, yaani kompyuta inayojibu maombi ya watumiaji, inampa Asha jibu la Juma.

Mimi lilinikuta mwisho wa mwezi, kwenye huduma ya kuangalia salio ambayo nilikuwa mmoja wa walioiandika. Mama mmoja akapiga simu: "Mwanangu, mbona naona hela nyingi hivi? Hizi si zangu." Tukakimbilia hifadhidata, tukakuta salio lake liko vilevile. Akafungua tena, akaona lake. Tukasema ni simu yake. Ndivyo tulivyopoteza siku tatu, tunakagua hifadhidata isiyo na hatia. Taarifa zilitoka zikiwa sahihi, zikafikishwa kwa mtu siye.

Sasa angalieni. Katika lugha ya Java, sevleti, yaani kipande cha programu kinachopokea maombi, huundwa moja tu, na maombi yote hupita humo humo, kila ombi na uzi wake, yaani njia yake ya utekelezaji inayokwenda sambamba na nyingine. Spring, mfumo wa kuandikia programu za Java, nayo usipoiagiza vingine, ina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukitangaza namba ya mteja juu kwenye klasi, sehemu inayochangiwa na maombi yote, badala ya ndani ya fanksheni inayolihudumia ombi, umewapa nyuzi zote ubao mmoja wa kuandikia.

Twende polepole. Ombi la Asha linaingia, linaandika namba yake, 114, ubaoni. Kabla halijaenda kuuliza salio, uzi wake unasimamishwa kidogo, kichakataji kina kazi nyingine. La Juma linaingia, linafuta, linaandika 207. Uzi wa Asha unaamka, unasoma ubao: 207. Unaenda kuleta salio la Juma, unamkabidhi Asha. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa, hakuna mstari mwekundu kwenye logi, lile daftari la matukio ya programu. Haya yote yameisha ndani ya milisekunde moja au mbili, ndiyo maana wewe peke yako na laptopu yako hutaliona kosa hili hata ukijaribu mwaka mzima. Siku ya mshahara, watu wote wakifungua kwa pamoja, linajitokeza.

Na lina aibu, likitazamwa linajificha. Sisi tulipoongeza logi nyingi lilitoweka, kwa sababu kuandika logi kulibadilisha mwendo wa nyuzi. Kilichotusaidia ni kufanya kinyume, yaani kulipanua lile pengo. Tuliweka usingizi wa milisekunde 100 katikati ya kuandika namba na kuisoma, tukatuma maombi 50 kwa mpigo, kila moja na namba yake, na kila jibu likatakiwa kurudi na namba ileile. Dakika ile ile majibu yakaanza kuja na namba za wengine. Niliwahi kuona watu wakipima kwa kuhesabu tu kama majibu 50 yamerudi. Yatarudi, mbona! Swali ni yamerudi kwa nani.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: tangazo likahama kutoka juu ya klasi likaingia ndani ya fanksheni. Siku tatu, mstari mmoja. Msicheke.

Msimbo wako unaweza kuwa safi kabisa na bado yakakukuta, na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Tarehe 20 Machi 2023, watumiaji wa ChatGPT walianza kuona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine, hadi OpenAI, wenye ChatGPT, wakaizima huduma. Chanzo kilikuwa redis-py, maktaba ambayo programu za Python huitumia kuongea na Redis, ghala la data linalojibu haraka. Miunganisho kati ya programu na Redis hutumika kwa zamu: mmoja akimaliza, mwingine anapokea.

Chukueni dirisha la jikoni kwenye hoteli ya mama ntilie. Mhudumu anaagiza sahani, kabla haijatoka mteja wake anaghairi, naye anaondoka dirishani. Mpishi hana habari, anapakua. Mhudumu wa pili anafika, anaagiza, anakuta sahani ipo tayari, anabeba. Aliyoiagiza yeye itachukuliwa na wa tatu. Kuanzia hapo kila mtu anakula sahani ya aliyemtangulia. Ukiagiza ugali ukaletewa chai, utashtuka, na programu nayo mara nyingi iligoma kwa namna hiyo. Balaa ni pale ulipoagiza wali na umeletewa wali. Unakula. Siku ile mabadiliko kwenye seva yaliongeza ghafla maombi yanayoghairiwa, na OpenAI walisema kwamba taarifa za malipo za asilimia 1.2 ya wanachama wa kulipia waliokuwa hewani katika kipindi fulani cha saa 9 huenda zilionekana na wengine. Ndiyo maana muunganisho uliokatishwa katikati ya kazi hurudishwi kwenye zamu. Unaufunga, unafungua mpya.

Kuna kijana huku nyuma ameuliza kwa nini tusiweke kufuli, uzi mmoja upite kwa wakati. Unaweza, na majibu yatakuwa sahihi. Lakini ombi moja likichukua milisekunde 200, unahudumia watu 5 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi foleni itatoka Kariakoo ifike Mbezi. Kufuli liwekwe pale ambapo kitu hakina budi kuchangiwa. Namba ya mteja haina sababu ya kuchangiwa na mtu yeyote.

Haya, fungueni laptopu. Kwenye folda niliyowagawia kuna huduma tatu ndogo. Mbili zinachanganya majibu, moja haichanganyi. Msianze kwa kusoma msimbo. Anzeni na yale maombi 50, mkija kwangu mniambie kwanza ni namba ya nani imerudi kwa nani.