Ujumbe Unaotengenezwa Ili Uvunjwe: Udhibiti wa Jeni katika Mnyoo C. elegans

Ndugu wasikilizaji,

Tunaposema kwamba jeni inafanya kazi, aghalabu huwa tunafikiria hatua moja tu, yaani kunakiliwa kwa DNA kuwa RNA. Mhadhara huu unahusu yanayofuata baada ya hatua hiyo. Hoja yangu ni kwamba seli hudhibiti wingi wa protini zake pia kwa kuharibu ujumbe ilioutengeneza yenyewe, yaani RNA inayobeba maelezo ya kutengeneza protini, na wakati mwingine huutengeneza ujumbe huo katika umbo ambalo haliwezi kuepuka kuharibiwa.

Shahidi wangu ni mnyoo Caenorhabditis elegans, ambaye urefu wake ni milimita moja hivi na mwili wake hupitisha mwanga kiasi kwamba viungo vyake huonekana kwa hadubini angali hai. Jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake, iliyochapishwa mwaka 1998, ina jeni za protini zipatazo 20,000, idadi inayokaribiana sana na yetu binadamu. Kwa hiyo, tofauti kati yetu na mnyoo haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu jeni. Sharti tutazame zinavyotumiwa.

Nakala ya kwanza ya RNA huwa na vipande vitakavyobaki, viitwavyo eksoni, na vipande vitakavyokatwa na kutupwa, viitwavyo introni. Mtambo wa kukata na kuunganisha, yaani splaisosomu, unaweza kuchagua eksoni hii na kuiacha ile, ndiyo maana jeni moja hutoa zaidi ya protini moja. Jeni iitwayo egl-15 ina eksoni mbili zisizotumika pamoja, 5A na 5B. Katika misuli huchaguliwa 5A, kwa sababu humo protini ASD-1, FOX-1 na SUP-12 hujishikiza kwenye RNA na kuizuia 5B isitumike. Bila 5A, seli zitakazokuwa misuli ya kutagia mayai hazisafiri hadi mahali pake. Mwaka 2006 Hidehito Kuroyanagi na wenzake nchini Japani walitengeneza minyoo ambao kila chaguo lilikuwa na rangi yake, nyekundu au kijani, hivyo uamuzi wa kila tishu ukasomeka kwa macho ndani ya mnyoo aliye hai. Ni nadra katika taaluma hii kuona jambo waziwazi namna hiyo.

Sasa tuje kwenye uharibifu. Ribosomu, yaani mtambo wa seli unaotengeneza protini, inaposoma ujumbe hukoma inapofika kwenye kodoni komeshi, yaani zile herufi tatu zinazoiamuru iishie hapo. Kodoni hiyo ikitokea mapema kuliko inavyopasa, ribosomu husimama mahali pasipofaa, na kundi la protini ziitwazo SMG huingilia kati: SMG-1 huibandika fosfati protini SMG-2, kisha ujumbe hukatwa na vipande vyake humezwa na vimeng'enya. Protini fupi, ambayo huenda ingeleta madhara, haipati nafasi ya kurundikana.

Jeni za smg, zinazotengeneza protini hizo za SMG, zilielezwa mwaka 1989 na Jonathan Hodgkin na wenzake, na namna zilivyopatikana inastahili kusimuliwa. Jeni unc-54 hutengeneza miosini, protini inayowezesha kujikunja, ya misuli ya mwili. Mnyoo mwenye hitilafu iitwayo r293 katika jeni hiyo hulala karibu bila kusogea juu ya agari, ule utando mzito wa kufugia minyoo maabarani, akichezesha kichwa tu, huku koo lake likiendelea kumeza bakteria kwa sababu lina miosini yake. Mwondolee mnyoo huyo jeni moja ya smg, naye atatambaa tena. Ajabu ni kwamba r293 haigusi kabisa sehemu inayoeleza protini. Imeondoa kipande kilicho baada ya kodoni komeshi, na mkia wa ujumbe ukawa si wa kawaida. Ujumbe ulikuwa na maelezo yote ya kutengeneza miosini nzima, ila ulikuwa ukivunjwa kabla haujatumika vya kutosha. Mwaka 1993 Rock Pulak na Philip Anderson walionyesha kwamba jeni za smg ndizo zinazosimamia uvunjaji huo.

Kwa muda mfumo huu ulitazamwa kama mkaguzi wa makosa tu. Mtazamo huo ni finyu. Mwaka 2000 Quinn Mitrovich, akiwa na Anderson huyohuyo, alionyesha kwamba baadhi ya jeni za protini za ribosomu, mojawapo ikiwa rpl-12, huunganisha sehemu ya RNA zake kwa namna inayoweka kodoni komeshi kabla ya mahali pake, na kwamba protini RPL-12 inapozidi, RNA yake yenyewe huelekezwa zaidi kwenye umbo hilo lisilofaa. Protini hupunguza utengenezaji wake yenyewe: uunganishaji huchagua, na uvunjaji hutekeleza. Mfano huu unanishawishi kuliko mingine kwa sababu protini za ribosomu zinahitajika katika kila seli, wala si mambo ya pembezoni.

Ujumbe wa namna hii hauonekani kwa urahisi katika mnyoo wa kawaida, kwani huvunjwa punde unapotengenezwa. Katika mnyoo asiye na smg hurundikana, na ndipo tunapoweza kuupima. Tuna bahati kwamba mnyoo huyo huishi na kuzaa, ingawa huntha, yaani minyoo wenye jinsia zote mbili, huota uvimbe kwenye uke na madume huwa na mikia yenye kasoro. Panya asiye na jeni inayolingana na smg-2 hufa angali kiinitete. Kwa hiyo mtafiti anayeorodhesha aina za ujumbe katika mnyoo wa kawaida peke yake anaorodhesha masalia, na akisema aina fulani haitengenezwi, nina haki ya kumuuliza kama amewatazama minyoo wa smg.

Athari zake hufika hata kwenye umri. Minyoo wenye hitilafu katika jeni daf-2 huishi takribani maradufu ya wenzao, na mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba wakikosa smg-2 hupoteza sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Miongoni mwa jumbe zinazovunjwa na mfumo huu walitaja ule wa jeni yars-2, ya kimeng'enya kinachohusika na utengenezaji wa protini, ambao kupungua kwake huchangia urefu wa maisha ya minyoo hao.