Salme wa Miaka 15: Mhadhara kwa Wanaowaandikia Vijana

Asalaam alaykum walimu wangu, waandishi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa safu za nyuma. Leo nasema kwa ajili yenu zaidi kuliko kwa ajili ya hawa waliokaa mbele.

Jambo lenyewe nimelisema mara nyingi, na sitachoka. Mkitaka kumwandikia kijana riwaya ya Bibi Salme, yule binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeishia Ujerumani, acheni Hamburg. Acheni meli ya Kiingereza iliyomtoa Unguja mwaka 1866, acheni mfanyabiashara wa Kijerumani aliyemwoa, acheni ubatizo wa Aden. Hayo kila mtu anayajua, na ni mambo ya mwanamke wa miaka 22. Msomaji wenu ana miaka 13 au 14. Mpeni Salme wa rika lake. Mpeni Salme wa mwaka 1859.

Naletewa miswada, naisoma. Mwandishi anajua hadithi inaishia wapi, basi anamtayarisha mtoto kwa mwisho huo tangu ukurasa wa kwanza: binti ana miaka minane, tayari amesimama dirishani anaitazama bahari na kutamani Ulaya. Jamani! Binti wa miaka 15 hajui kwamba atafika Ujerumani. Anachokijua ni kwamba baba yake, Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Maskati, alifia baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Maskati. Anajua kwamba mama yake, Jilfidan, amechukuliwa na kipindupindu. Anajua kwamba kaka zake wanagombea nchi. Hayo ni mengi kwa mtoto mmoja. Kuna haja gani ya kumwongezea Hamburg?

Sasa nisikilizeni juu ya mfupa wa ngamia, maana hapa ndipo riwaya ilipo.

Katika nyumba ya Sultani watoto wa kike walifundishwa kuisoma Kurani. Kuandika hapana. Mvulana aandike, msichana asome, na atakapotaka kupeleka barua atafute mtu wa kumwandikia. Salme hakukubali. Akajipatia mfupa wa bega la ngamia, ule mpana uliotumika kama ubao, akapata wino na kalamu ya mwanzi, akajificha, akaanza kunakili herufi za msahafu moja moja. Alipoona mkono wake umeanza kutii, akamshawishi mtumwa mmoja wa nyumba yao aliyejua kuandika amfundishe hati nzuri. Ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini herufi ikishaingia mkononi haitoki.

Mwandishi wa pupa anaandika sentensi moja, "Salme alijifunza kuandika kwa siri," kisha anakimbilia harusi. Mimi nataka sura nzima! Nataka nimwone mtoto akiufuta mfupa haraka aliposikia hatua barazani. Nataka nijue alificha wapi wino, katika nyumba yenye watu mamia ambamo hata kukohoa kwako kunajulikana. Nataka nijue alimwambia nini yule mtumwa, na mtumwa yule aliogopa nini, kwa sababu wakikamatwa hawataadhibiwa sawasawa. Binti atalaumiwa. Na yeye je? Ni nani? Alitoka wapi, alisomeshwa na nani hati ile, alifikaje katika nyumba ya Sultani? Kijana anayesoma atayauliza maswali hayo kabla yenu. Mwandishi ambaye hajayafikiri ataonekana ukurasa wa pili.

Kuna mtu atasema, na kila mara huwa yupo: "Mwalimu, vijana wetu wana shida zao, watoto wa masultani wanawahusu nini?" Jibu langu ni kwamba tazameni alichofanyiwa Salme kwa sababu ya kuandika kwake.

Alipokuwa na miaka saba hivi, alihamia na mama yake Beit al-Watoro, kwa kaka yake Majid. Ndiye Majid aliyemfundisha kupanda farasi. Ndiye aliyemfundisha kushika upanga na kulenga kwa bunduki. Baba alipofariki, Majid akatawala Unguja, Thuwaini akabaki na Maskati, na Barghash akabaki na hasira. Barghash akaanza kukusanya watu dhidi ya Majid. Na dada aliyependwa na Salme kuliko wote, Bibi Khole, alikuwa upande wa Barghash.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Salme hakupewa nafasi ya kushika jembe. Khole alimtaka, na wenye njama walihitaji mtu anayejua kuandika, asiyetiliwa shaka. Nani atamdhania binti wa miaka 15? Akawa katibu wa uasi. Barua za siri za kutafuta wafuasi zilitoka mkononi mwake. Barua za kuagiza bunduki, baruti na risasi zilitoka mkononi mwake. Ile hati aliyoiiba kwenye mfupa wa ngamia ikamgeukia kaka aliyemlea.

Niambieni kama kijana wa leo halielewi hilo. Hakuna mtoto ambaye hajawahi kutumwa na wakubwa katika ugomvi usio wake: kapeleke ujumbe huu, usimwambie baba yako, uko upande wangu au wake? Akikataa anampoteza dada, akikubali anampoteza kaka. Na anakubali si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu dada yake kamwomba, na kwa mara ya kwanza wakubwa wanamhitaji. Kuhitajiwa na wakubwa ukiwa na miaka 15 kuna utamu wake. Andikeni utamu huo! Msiuruke kwa kuogopa kwamba mhusika wenu atakuwa na hatia. Mhusika asiye na hatia yoyote hamfundishi kijana kitu, na kijana atamwacha mapema.

Halafu usiku wa kumtorosha Barghash. Majid amegundua, ameweka askari kuizunguka nyumba ya ndugu yake. Khole na Salme wanakwenda pale na msafara wao wa wanawake, wanawakabili askari na kutaka kuingia kumwona kaka yao. Askari wanababaika, kwa sababu nani atawagusa mabinti wa Sayyid Said? Wanaingia. Wanapotoka, Barghash yuko katikati yao amejitanda shela, macho tu ndiyo yanaonekana, na wanawake warefu kuliko wote wamewekwa ubavuni mwake ili kimo chake kisimsaliti. Wakapita mbele ya askari. Huyu ndiye Barghash ambaye miaka 11 baadaye alikuwa Sultani wa Zanzibar. Sijui mnataka nini zaidi ya hapo.

Mambo yakaharibika. Waasi walijikusanya katika shamba la huko huko Unguja lililoitwa Marseilles, majeshi ya Majid yakaenda na msaada wa Waingereza, wakati huo balozi wao ni Rigby, na uasi ukavunjwa. Barghash alirudi mjini, akazingirwa, akasalimu amri, akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka miwili. Wanaume walipatiwa hukumu na safari. Salme alibaki pale pale Unguja, mji mdogo, akitazamwa na kila jicho. Riwaya nyingi zingeishia kwenye bunduki. Mimi ningeandika kurasa nyingi za miezi ile ya baadaye: kuamka asubuhi ukijua kwamba kaka yako mgonjwa, aliyekufundisha farasi, amezisoma barua zako.

Muda unaniishia, mwenyekiti ameshaanza kunitazama, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio.

Beit al-Ajaib. Tafadhali sana, msimweke Salme kwenye baraza za Beit al-Ajaib! Jumba lile limejengwa 1883, miaka 17 baada ya yeye kuondoka. Mwekeni Beit al-Mtoni, alikozaliwa mwaka 1844. Magofu yake bado yapo, nendeni mkayatembelee kabla hamjaandika.

Lugha. Mbele ya baba yao kilisemwa Kiarabu. Akishageuza kisogo, nyumba nzima ilifumuka kwa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na lugha za Uhabeshi. Kwa hiyo mnaposema hapa kwamba binti huyu hawezi kuongea Kiswahili kitamu katika riwaya zenu, mnajinyima bure.

Utumwa. Hili lilistahili saa yake peke yake. Mwaka 1859 soko la watumwa mjini linafanya kazi, lilikuja kufungwa 1873. Msimvike Salme mawazo ya leo kwa kumfanya awahurumie watumwa kila sura. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, bado aliutetea utumwa wa kwao, baada ya miaka karibu 20 ya Ulaya. Mwacheni asione. Lakini nyinyi waandishi oneni, na msomaji aone. Mpeni yule mwalimu wa hati jina, sauti, na sababu zake mwenyewe za kukubali au kukataa. Na kama mtu ataniambia kwamba vijana ni wadogo mno kwa habari hizo, nitamjibu kwamba watoto waliouzwa pale sokoni walikuwa wadogo kuliko hao.

Nilitaka pia kumzungumzia Alemayehu, mtoto wa mfalme Tewodros wa Uhabeshi, aliyechukuliwa na Waingereza mwaka 1868 ana miaka saba, akafa Leeds mwaka 1879 ana miaka 18. Maisha yake yote yalikuwa utoto na ujana, hakuna uzee wa kukimbilia, na kwa Kiswahili anatusubiri. Karatasi zangu juu yake ninazo hapa. Anayemtaka anifuate nje. Mwenyekiti, sasa napokea maswali, na naomba tuanze na safu za nyuma.