Benzi la Milango Miwili: Kutoka Birmingham Hadi Gereji ya Baba Mdogo, Moshi

Habari za mchana, ndugu watazamaji. Wengi wenu mmezoea kuniona Birmingham nikiwa nimejifunika koti na kulalamikia baridi. Leo ninazungumza nanyi kutoka Majengo, Moshi, kwenye gereji ya baba yangu mdogo, na hilo mnaloliona nyuma yangu likiwa limefunguliwa boneti ni lile gari ambalo mmekuwa mkiliulizia tangu Machi. Ni Mercedes-Benz 420 SEC ya mwaka 1988. Naomba mnivumilie nisianze na sifa, kwa maana kabla hatujaagana nitawaonyesha kipande cha plastiki kilichoninyima usingizi kwa siku 4.

Kwa wasiolifahamu, SEC ni ndugu wa milango miwili wa ile S-Class ya miaka ya 80 ambayo mafundi huiita kwa namba yake, 126. Lilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1981, wakati usanifu wa Mercedes ukiongozwa na Bruno Sacco, likaendelea kutengenezwa hadi 1991. Yote kwa jumla hayakufika 75,000, na hakuna hata moja lililotoka kiwandani na injini ya silinda 6, kwa kuwa SEC zote ni V8, yaani silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V. Nyota yake haisimami juu ya boneti kama mlivyozoea; imekaa katikati ya grili. Tazameni ubavuni sasa: nikishusha vioo vyote 4, hamwoni nguzo katikati, ni uwazi mmoja tangu mbele hadi nyuma. Na kwa kuwa mlango ni mrefu na mkanda uko mbali nyuma ya bega, ukishafunga mlango na kuwasha swichi hujitokeza mkono mdogo unaokuletea mkanda hadi karibu na kiganja. Watoto wa hapa gereji wamenifungulisha na kunifungisha mlango huu mara 30 hivi, nami sijachoka kuutazama.

Niliyafikiria na mengine. BMW 635CSi, kwa macho yangu, lina sura nzuri kuliko yote, lakini nililokwenda kuliangalia lilikuwa limeliwa vibaya na kutu chini. BMW 850i lina silinda 12 na kompyuta 2 za kuendesha injini, moja kwa kila upande, na mimi gari ambalo fundi wa Moshi hawezi kuzungumza nalo bila kompyuta nilishaliondoa kwenye hesabu mapema. Porsche 928 lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1978, heshima ambayo si kawaida kupewa gari la michezo, ila gia yake imekaa nyuma, imeunganishwa na injini kwa bomba refu linalopita chini ya gari zima. Nilipomtumia Baba mdogo picha yake alinijibu kwa swali moja tu, kwamba nani ataishusha.

Mlioniuliza kwa nini sikuagiza Japani kama watu wote, jibu ni usukani. Katika miaka ile mnunuzi wa Kijapani aliona fahari kuendesha gari la Kijerumani lenye usukani wa kushoto, ingawa nchi yake huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ndiyo maana SEC nyingi zilizoko kule zina usukani upande usiotufaa. Uingereza zilipelekwa za usukani wa kulia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua miezi 5 kulielewa. Kila nilipomtumia Baba mdogo picha za gari, ujumbe wake wa sauti ulianza na maneno yaleyale: "Injini inasemaje?" Ndivyo tulivyolelewa hapa. Tunafungua boneti, tunasikiliza, tunatazama rangi ya moshi, tunauliza kama inakula oili. Hatuinami chini kutazama bati, kwa sababu gari la Moshi au Arusha haliuawi na kutu. Linauawa na makorongo, vumbi na mafuta machafu. Uingereza mambo ni kinyume chake. Barabara ni laini na injini zinatunzwa, lakini kila msimu wa baridi magari maalumu hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi kila pembe ya chini ya gari, ikakaa humo na maji yake mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo unaweza kununua V8 inayonguruma kwa utulivu kama paka aliyelala, iliyofungwa ndani ya bodi ambalo limeshakuwa karatasi.

Gari la kwanza nililoliona lilikuwa hivyo hasa. Lilikuwa jeusi, linang'aa, bei yake pungufu kwa karibu theluthi ya bei ya soko, na mwuzaji alikuwa mcheshi wa kupita kiasi. Uingereza kuna ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na ukiandika namba ya gari tu kwenye tovuti ya serikali unapata historia ya ukaguzi huo tangu mwaka 2005, pamoja na maili zilizosomeka kila mara na kila kasoro iliyoandikwa. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya jirani nikasoma. Kwa miaka 3 mfululizo mkaguzi alikuwa ameandika kutu mahali palepale, karibu na sehemu ya kuwekea jeki upande wa kulia, halafu mwaka wa 4 kutu hiyo haikutajwa tena. Nilipomwomba mwuzaji risiti ya kuchomelea, akasema mafundi wake hawatoi risiti. Nikatoa sumaku niliyokuwa nimeizungushia leso isikwaruze rangi, nikaitelezesha ubavuni polepole. Ilishika, ikashika, ikafika juu ya tairi la nyuma ikaanguka mkononi mwangu. Pale hapakuwa na bati. Palikuwa na puti iliyosawazishwa kwa msasa na kupigwa rangi. Nilimshukuru kwa chai nikaondoka.

Ninyi mtakaokwenda kukagua SEC, mahali pa kutazama ni hapa: chini ya pembe mbili za kioo cha nyuma, ambapo kutu huanza kimyakimya na maji yakapenya hadi kwenye buti, kwenye kingo za matao ya matairi, na nyuma ya vifuniko vidogo vya plastiki vilivyoko ubavuni, ambamo jeki huingia. Inua zulia la buti uingize pua. Harufu ya ukungu haidanganyi, hata kama gari limeoshwa asubuhi hiyo.

Hili la kwangu nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa amelimiliki kwa miaka 22. Lilikuwa na maili 118,000, ambazo ni kama kilometa 190,000, na faili la risiti nene kama Biblia. Kutu ilikuwepo, siwafichi: tundu la ukubwa wa shilingi mia chini ya kioo cha nyuma. Ila mzee alinionyesha mwenyewe kabla sijauliza, na tofauti hiyo ilikuwa na thamani kubwa machoni pangu. Tulipatana pauni 14,500, kisha nikalipia kioo kitolewe, bati bovu likatwe na jipya lichomelewe hukohuko, kwa kuwa kazi hiyo nilitaka ifanywe na mtu anayeifanya kila siku. Kuhusu injini niliiona kazi ya nyumbani. SEC ya mwaka huo hutumia mfumo wa mafuta wa Bosch uitwao KE-Jetronic, ambao una umeme kidogo wa kusaidia, lakini kazi yenyewe ya kugawa mafuta hufanywa na chombo cha chuma chenye mabomba membamba 8, moja kwa kila silinda. Adui yake ni uchafu na mafuta yaliyolala tangini kwa miezi. Baba mdogo alishabadilisha filta ya mafuta siku ya kwanza, kabla hata hajanipa pole ya safari.

Gharama za kuingiza gari nitazipitia upesi, kwa sababu TRA wana kikokotoo chao mtandaoni na kila mtu ajipigie hesabu yake. Ushuru wa forodha ni 25%, juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na tena kwa umri wa gari, ambao wengi wetu tunauita uchakavu, kisha VAT ya 18% ambayo hupigwa juu ya jumla ya thamani ya gari, nauli ya meli, bima na ushuru huo wote. Injini ya lita 4.2 yenye umri wangu haipati huruma mahali popote hapo. Na wale wanaoniambia kwamba aliyeko ughaibuni anasamehewa, msamaha ule ni wa mtu anayerudi kuishi moja kwa moja, tena awe amelimiliki na kulitumia gari hilo huko nje kwa angalau miezi 12. Mimi nimekuja likizo. Nililipa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nalo Arusha na kurudi, kilometa 80 hivi kwenda. Trafiki wa Boma Ng'ombe alinisimamisha, si kwa tochi, bali apate kulizunguka na kuuliza nyota mbona iko kwenye grili. Pale Arusha niliegesha karibu na Mnara wa Azimio, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akanitazama nikishuka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wabenzi wamerudi," lile jina la zamani la kuwakejeli wakubwa wanaotembelea Benzi. Tulicheka wote wawili, lakini ninakiri kwamba kuegesha SEC mbele ya kumbukumbu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, azimio la Ujamaa, kunamfanya mtu ajisikie amevaa viatu vyenye kelele msikitini.

Asubuhi ya Jumapili nililiwasha hapa gereji. Kwa sekunde 2 au 3 za mwanzo injini ilitoa mlio kama mtu anayetikisa funguo ndani ya kopo, kisha ikatulia. Mimi nilikuwa nimeshauzoea tangu Birmingham na kuuita uzee. Baba mdogo, aliyekuwa anakunywa uji upande wa pili wa ua, aliweka kikombe chini. "Zima," akasema. "Usiwashe tena."

Faili langu nene lilikuwa na risiti ya cheni ya taiming, ile inayofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, imebadilishwa, imepigwa mhuri, nami nilijivunia risiti ile. Lakini cheni ndefu ya V8 huongozwa na reli za plastiki ndani ya kila upande wa injini, na risiti haikuzitaja popote. Tulipofungua kifuniko cha upande wa kushoto, reli ya juu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Hiki hapa ndicho kipande chenyewe. Tazameni ninavyokibonyeza kwa ukucha. Kinavunjika kama biskuti. Kingeanguka chini ya cheni nikiwa barabarani, cheni ingeruka meno, valvu zingegongana na pistoni, na ningebaki na bodi zuri lisilo na moyo. Si kosa la waliolitengeneza, plastiki ya mwaka 1988 imeshafanya kazi yake. Kosa ni langu, niliyeona neno "cheni" nikaacha kusoma.

Reli mpya zimefika jana ndani ya begi la rafiki anayekuja kula Krismasi Marangu, na zote kwa pamoja hazikufika pauni 150. Baba mdogo amezifunga tangu asubuhi. Sasa hivi anazungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili, akitazama kama alama zinarudi mahali pake, na amekataa katakata nisiguse funguo mpaka azungushe tena mara nyingine 2. Ninazima kamera nikamshikie taa.