Tango kwenye jerikeni: niulize maji kabla ya mbolea

Haya ndugu zangu, sogeeni huku kivulini, mama zangu wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni matango ya kwenye vyombo, maana wengi wetu hapa Kampala tunakaa vyumba vya kupanga, uwanja wenyewe ni ule wa kuanikia nguo, shamba utalitoa wapi.

Chukua jerikeni la lita 20, lile lililopasuka halibebi tena maji, kata juu, toboa matundu chini, hapo unakuza mmea mmoja, sanasana miwili. Vile vikopo vya rangi vya lita 4 pandeni dania, jamani, siyo tango, udongo kidogo unakauka haraka na hapo ndo kesi yote ilipo. Tango karibu asilimia 95 ni maji, sasa mmea wa namna hiyo ukiunyima leo halafu kesho ukaumwagia ndoo nzima utakulipa uchungu mdomoni. Kuna kemikali inaitwa kukabitasini, kawaida inakaa kwenye majani na shina, ila mmea ukiteseka kwa kiu na joto inaweza kupanda mpaka kwenye tunda. Ndo maana mtu akiniuliza aweke mbolea gani namuuliza kwanza wewe unamwagilia saa ngapi? Asubuhi kila siku, jua la Januari na Februari ongeza jioni, na mwagia kwenye udongo, majani yakilala yamelowa unaita ukungu. Huna uhakika? Zamisha kidole, ndani pakiwa pakavu mwagilia. Halafu tandaza majani makavu ya mgomba juu ya udongo, unyevu unakaa. Mvua za Machi mpaka Mei kazi inageuka, hapo unalinda matundu yasizibe.

Udongo changanya na mboji, maganda ya matoke nani hapa anakosa, ila yaoze kabisa kwanza, na mbolea ya kuku mbichi msiniletee, inaunguza mizizi. Mbegu fukia kama sentimita 2, palepale kwenye chombo, tango halipendi kuhamishwa. Likianza kutambaa lifungie kamba dirishani lipande juu.

Sasa maua. Watu wanalalamika sana, oo maua yamejaa yote yanadondoka, jirani kaniroga! Hajakuroga mtu. Maua ya kwanza kwa kawaida ni dume, lazima yadondoke, jike linafuata na utalijua kwa kitango kidogo nyuma yake. Kama uko ghorofani nyuki hawafiki, basi asubuhi chuma ua dume, bandua yale majani yake ya njano, lipakaze katikati ya jike, kazi imeisha. Au ukienda maduka ya pembejeo pale Container Village uliza mbegu zinazozaa bila chavua, zipo, bei yake imechangamka kidogo.

Siku 50 mpaka 60 tangu kupanda unaanza kula. Kata kwa kisu au mkasi, usivute, na usiliache tango likawa la njano eti likue, mmea ukishakomaza mbegu unapunguza kuzaa, kwa hiyo pita kila baada ya siku moja au mbili.

Haya, maswali. Mzee wa kofia, anza wewe.