Ramani ya kugusa na daftari ya nyuma yake

Jambo yenu wote, asanti kwa kufika, jua ni kali na najua wengine mumetoka mbali, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye maneno.

Nataka tuongee juu ya zile ramani za kugusa wanazoweka siku hizi ndani ya makumbusho ya mashujaa wa vita. Munazijua: meza ya kioo ao ekrani kubwa ya ukutani, unasogeza kwa kidole, unakuza, unabonyeza nukta, inatoka picha ya askari, jina, fasi alizaliwa, na kile alifanya mpaka wakamupa medali. Inapendeza, watoto wanapigania kuigusa. Lakini wazo lenyewe si la juzi. Kule Gettysburg, Marekani, fasi ya ile vita ya 1863, bwana mmoja Joseph Rosensteel alitengeneza ramani ya umeme tangu miaka ya 1930, halafu ile kubwa ya miaka ya 1960 ilikuwa ya plasta, uzito kama tani 12, taa zaidi ya 600. Watu wanakaa kuizunguka, giza, sauti inaeleza, taa zinawaka kikosi kwa kikosi. Mwaka 2008 wakaitoa kwa kuwa imezeeka, watu wakalalamika sana, na 2012 mtu mmoja akainunua kwenye mnada akaipeleka Hanover, mji wa jirani. Mimi kusema kweli ile naipenda kuliko tableti, sababu watu wote wanaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja na mzee anaweza kumueleza mjukuu pale pale. Kwenye ekrani mtoto mmoja akiishika, basi, wengine munangoja.

Ila ile ya taa inasema hadithi moja tu, ya yule aliyefunga waya. Ya kugusa unaweza kuiuliza swali. Na swali la kwanza la mtu yeyote akikaribia ramani ni lile lile, kwetu ni wapi. Pale Ypres, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya In Flanders Fields, walilielewa hilo, wanakupa bangili yenye chipu, unaandikisha fasi unatoka, halafu ukifika kwenye ekrani za ndani zinakutolea habari za watu wanaohusiana na kwenu. Huanzi na jenerali, unaanza na jirani.

Sasa hapa njo matata inaanza, sababu ekrani haijui kitu. Inasoma daftari iliyo nyuma yake. Chukua ile medali kubwa ya Wamarekani, Medal of Honor, wa kwanza walipewa Machi 1863 na mpaka leo imetolewa zaidi ya mara 3,500. Kila aliyeipata kuko karatasi yake: cheo, fasi ya kuzaliwa, jimbo analohesabiwa, fasi ya kitendo, tarehe. Kazi ya ofisi ya zaidi ya miaka 150. Na hata hivyo, wewe unayetengeneza ramani, nukta utaiweka wapi? Kuko zaidi ya 200 waliozaliwa Ireland, wengi wao wakahesabiwa kwa New York ao jimbo lingine la kule, wakapigana mbali na kote. Ukichora fasi ya kuzaliwa, Ireland inawaka; ukichora jimbo, inazimika, na watu ni wale wale. Ramani nzuri inakuachia ubadilishe mwenyewe, mbaya inakuchagulia na haikuambii.

Tuje kwetu, Kongo. Waliofika Bukavu wanajua Camp Saio, ile kambi ya askari. Jina lile limetoka Ethiopia, fasi ambapo tarehe 3 Julai 1941 jenerali Pietro Gazzera wa Italia alijisalimisha mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Tabora nayo, jeshi lile lile liliichukua mikononi mwa Wajerumani 19 Septemba 1916. Ukiuliza makamanda, haraka haraka utapata, Tombeur, Gilliaert. Ukiuliza jina la askari mmoja wa kawaida, ao la mbebaji mmoja, na katika vita ya 1914-1918 peke yake wabebaji wa upande wetu wanahesabiwa zaidi ya laki mbili, watu wanaangaliana.

Na kuko hadithi moja ilipita hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwavunja Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika, wakaleta mashua mbili za injini, kila moja kama mita 12, majina yao Mimi na Toutou, ndiyo, Mimi, musicheke. Meli mpaka Cape Town, treni mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, halafu mpaka Fungurume, Fungurume hii hii ya mine, ya migodi, ndipo wakazishusha. Kutoka pale barabara hakuna. Kuko matrekta mawili ya mvuke, ng'ombe, kamba, na milima ya Mitumba mbele. Watu wakakata pori, wakajenga madaraja zaidi ya 100, na maji ya kunywesha yale matrekta yalibebwa kichwani kutoka mbali maana ilikuwa kiangazi, mpaka wakafika Sankisia, treni mpaka Bukama, Lualaba mpaka Kabalo, treni tena mpaka Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata meli ya Wajerumani, Kingani. Kamanda, Spicer-Simson, akapata medali yake.

Weka hiyo kwenye ramani ya kugusa muone. Nukta zitatoka London, Cape Town, ziwani. Katikati, kutoka Fungurume, mstari mwekundu zaidi ya kilomita 200 bila nukta hata moja. Na kwa maoni yangu ugumu wote wa ile safari ulikuwa pale. Mwanafunzi akigusa ule mstari ekrani inanyamaza, na atatoka anaamini pale hakukuwa mtu. Si kwetu peke yetu: 2021 kamisheni ya makaburi ya vita, ile Commonwealth War Graves Commission, ilikubali kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, pengine mpaka 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina ao hawakukumbukwa kabisa. Angalieni ile nafasi kati ya namba ya kwanza na ya pili.

Kwa hiyo mtu akituletea ekrani ya zawadi kesho, mimi nitasema ingoje kidogo. Kwanza na delestaji hii, umeme kukatwa kila mara, itakuwa kioo cha kujitazamia. Makumbusho yetu iko tangu 1946, ukuta haikosi: tuchore njia ya Fungurume mpaka Kalemie kwa plasta, taa ndogo za batri ya sola, na chini yake daftari ya kweli. Jina la mtu, kijiji kama kilivyoitwa wakati ule, kazi aliyofanya, nani amekuambia na lini. Hiyo ya nani amekuambia musiiruke, maana babu wa kila mtu akishaingia kwenye makumbusho anapanda cheo. Na fasi isipojulikana vizuri, musiweke nukta. Vijiji tele vilihamishwa, majina yalibadilika, Albertville ikawa Kalemie, Costermansville ikawa Bukavu, na karatasi nyingi zinaandika tu teritware, yaani wilaya nzima. Ukipiga nukta katikati ya teritware inaweza kuangukia porini ao ndani ya maji, na mgeni ataamini njo pale mtu alizaliwa. Chora eneo lote kwa rangi nyepesi, inatosha.

Basi, wenye familia upande wa Bukama, Sankisia na Kabalo mubakie kidogo tugawane vijiji. Wengine, maswali.