Kucha Zinakumbuka Homa

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kutuitikia hapa Ujiji.

Juzi mama mmoja alifungua fundo la khanga mbele yangu. Ndani mlikuwa na donge la nywele, kubwa kama ngumi. "Msusi ameniharibu," akasema. Nikamuuliza kama aliugua miezi miwili mitatu nyuma. Akawaza. "Homa ilinilaza siku tano." Basi msusi hana kosa.

Nywele hazikui zote kwa pamoja. Nyingi zinakua, chache zimepumzika zikingoja kudondoka, na mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku akiwa mzima kabisa. Ukipatwa na homa kali ya virusi, kama dengi au UVIKO-19, nywele nyingi huacha kukua kwa mkupuo. Ila hazidondoki siku ile! Hukaa miezi miwili mitatu, ndipo zinapukutika kichwa kizima, nawe ulishapona na kusahau. Hapo ndipo tunapomsingizia jirani. Mzizi haujafa, mama zangu. Kwa kawaida kupukutika hukoma ndani ya miezi sita.

Watoto, sasa. Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo huleta homa, vidonda mdomoni na malengelenge viganjani. Mtoto anapona, anacheza, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili kucha inaachia shinani. Tazama kwa karibu: chini yake kucha mpya, laini, imeshaanza. Usiing'oe ya zamani. Kata tu kipande kinachonasa kwenye nguo. Naumia sana nikiona kidole cha mtoto kimeunguzwa kwa dawa za kubahatisha wakati kilikuwa kinajiponya chenyewe.

Kwa watu wazima mara nyingi hubaki mfereji unaokatiza kucha. Daktari Mfaransa, Beau, aliueleza mwaka 1846. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo mfereji ulio milimita 6 kutoka shinani unasema uliugua kama miezi miwili iliyopita.

Mabaka ya duara yenye magamba kichwani ni jambo jingine, hayo ni mapunye na yana dawa yake ya kumeza. Kidole chenye usaha, au nywele zisizokoma kudondoka baada ya miezi sita, njooni tupime. Dagaa na maharage msiyaache.

Yule mama nilimpa kioo. Juu ya paji la uso, vinywele vifupi vilikuwa vimeshachomoza.